Moshi Juu ya Boma la Kisemei

Jumatatu, 29 Januari 2007

Kitengela imenuka tangu asubuhi. Upepo ukipitia kichinjioni, hata chai inakuwa na ladha ya utumbo. Nimejifunika pua na mtandio nikaingia ofisini, nikamkuta bosi Waweru ameweka miguu mezani, soksi moja ina tundu, kidole gumba kinanichungulia. "Ayan, moshi wa leo uko wapi?" Hiyo ndiyo salamu yake. Habari ya asubuhi itamuua.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kutafuta moshi. Setilaiti inapita juu yetu asubuhi, nyingine inapita baada ya chakula cha mchana, zinapiga picha nchi nzima. Mimi nazitoa kwenye mtandao, naangalia kama kuna moto wa nyika, naandika moshi umetokea wapi na unaelekea wapi. Tunaitwa Mradi wa Malisho na Moto. Wafadhili wako ng'ambo. Malisho hawajayaona, moto hawajaunusa, lakini picha wanazipenda ajabu.

Aabo, baba yangu, anasema amenisomesha mpaka chuo kikuu ili niangalie moshi. Yeye ananunua ng'ombe kwa Wamaasai anauza Nairobi, na kitu ambacho hakiuziki kwake ni upuzi.

Jumatano, 31 Januari

Stima hakuna. Waweru amelala juu ya ripoti, mate yamelowesha ukurasa wa kwanza. Nilimwacha hivyo hivyo.

Jumatatu, 5 Februari

Jua kali. Mvua za mwisho wa mwaka jana ziliacha majani yanayofika kiunoni, na sasa yamekauka yote. Upepo ni ule ule kila siku, unatoka upande wa Athi River unaenda upande wa Isinya. Kila moshi ninaouona kwenye picha unalala kuelekea huko.

Katoo alikuja ofisini. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya malisho, na pia anauza ploti. Sijui mtu anawezaje kuwa vitu hivyo viwili, lakini yeye anaweza. Anavaa viatu vyenye ncha kama sindano na manukato ya kupasua kichwa, halafu anachokonoa meno na kadi ya biashara, kisha anakupatia kadi hiyo hiyo. Nilikataa. Alicheka. "Huyu msichana wa kompyuta ana maringo, ai!"

Alikuwa analalamika kwa Waweru kwamba wateja wake wakija kutoka Nairobi hawaoni bikoni. Bikoni ni vile vijiti vya saruji vinavyoonyesha mpaka wa ploti, na majani yamezifunika zote. "Mtu anashuka kwa gari, anaona ni nyasi tu, anarudi kwa gari." Waweru akamwambia pole sana. Mimi nikatoka nje kupumua ile harufu ya kichinjio, na kwa mara ya kwanza ikawa nafuu.

Jumatano, 7 Februari

Mikono yangu inanuka moshi na nimeshaiosha mara nyingi mpaka Hooyo, mama yangu, ameuliza kama nina wazimu.

Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri. Kama saa tano hivi tukaona anga ya kusini imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Moshi ulikuwa unakimbilia mbali nasi, upande wa Isinya. Watu walisimama barabarani wakitazama, wengine wanakula mahindi, kama wako sinema.

Moto ulikula malisho ya akiba yote. Hayo ni majani ambayo familia za huko zimekubaliana hakuna ng'ombe atakayeyagusa mpaka kiangazi kiwe kibaya kabisa. Yalikuwa yanalindwa tangu mvua. Yakaisha kabla ya saa saba. Na palikuwa na zizi la ndama pembeni. Mama wa pale alikuwa ameenda kuteka maji. Sitaandika alichokikuta. Nilifika na pikipiki ya ofisi na harufu ile ilinikuta mbali, na tumbo langu likaona aibu, kwa sababu ilinuka kama nyama choma.

Stima ilirudi saa tisa. Waweru alisimama nyuma ya kiti changu akinipumulia shingoni mpaka picha ya mchana ikafunguka. Moto wenyewe ulikuwa umeshazimika wakati ule, lakini moshi ulionekana wazi, donge moja kubwa jeupe, limekaa sawasawa juu ya boma la Kisemei, mfugaji wa upande wa Isinya.

"Huyo hapo!" Waweru akapiga meza.

Nikamwambia, "Bosi, moshi hutembea. Pahali uko saa nane si lazima ndipo ulitoka. Ngoja nitafute picha ya asubuhi."

"Stima ilikuwa hakuna asubuhi."

"Hapa ndio hakukuwa. Huko juu setilaiti haitumii stima ya Kitengela. Mtandao ukitulia nitaipata."

"Ayan, wafadhili wanataka ripoti leo. Kamati inataka leo. Polisi wanataka leo. Weka mviringo mwekundu hapo, tuma."

Niliweka mviringo. Niliandika chini yake, "mahali moshi ulipo saa nane mchana". Waweru akafuta maneno yangu, akaandika, "chanzo cha moto". Kisha akaagiza soda.

Alhamisi, 8 Februari

Wamemkamata Kisemei.

Namjua tangu nikiwa mdogo. Akileta ng'ombe kwa Aabo alikuwa ananiwekea mkono kichwani, na mimi nainama kama watoto wa Kimaasai, na Hooyo anakasirika. Mtu mpole, anayeomba ruhusa hata kwa paka kabla hajakaa.

Ubaya ni kwamba siku ile ile na yeye alikuwa anachoma. Familia yake imehamia boma jipya, na kwao boma la zamani haliachwi hivi hivi, linachomwa pamoja na viroboto wake na kupe wake. Samadi huwaka polepole, inatoa moshi siku kadhaa. Askari walipomuuliza akasema bila kupindisha, "Ndio, nimechoma boma yangu. Niliwasha asubuhi, jua ikipanda." Wakamuuliza kama anajua moto wake umeua ndama wa watu. Akawauliza, nyinyi mmejuaje ni wangu? Katoo akatoa ile picha yetu yenye mviringo. "Mzee, umeonekana kutoka juu."

Wanasema Kisemei alitazama ile karatasi, akatazama mbinguni, akanyoosha mikono afungwe. Aliyenihadithia alikuwa anacheka. Nilitamani kumtemea mate.

Ijumaa, 9 Februari

Ofisini mandazi na soda. Wafadhili wameandika "hongera". Sikula.

Jumatatu, 12 Februari

Kisemei alipelekwa kortini Kajiado. Mlalamishi ni Katoo, kwa niaba ya kamati ya malisho. Alitakiwa mdhamini mwenye hati ya shamba, na majirani wote wenye hati wamekataa, kwa sababu ndama walioungua ni wao. Amerudishwa rumande mpaka tarehe ishirini na sita.

Mchana Nashipae, mke wake, akaja ofisini. Ametembea kutoka boma, vumbi mpaka magotini.

Nikamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya, mama Sironka."

"Iko," akaitikia. Hakukaa. "Binti ya Haibe, ni wewe unafanya kazi na hiyo picha? Nataka kuiona."

Kabla sijafungua mdomo Waweru akasema kutoka mezani kwake, bila kuinuka, "Mama, hiyo ni ushahidi wa korti. Haionyeshwi mtu. Lakini ujue hiyo mashine haikosei."

"Haikosei?"

"Hata mara moja."

Nashipae akanitazama mimi. Na mimi, ambaye wiki nzima natukana watu wengine kwenye karatasi hizi, nikasema, "Bado naangalia, mama." Akaitikia na kichwa, akaenda zake. Mtandao bado ni mbovu, picha inafunguka nusu halafu inakufa. Nimekaa mbele ya nusu picha mpaka jioni. Kila mtu ananichukiza leo, na mimi niko mstari wa mbele.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeipata!

Nilienda saiba ile ya karibu na soko, ambako mtandao uko na nguvu kidogo, katikati ya vijana wanaotazama mieleka. Picha ya asubuhi ya tarehe saba. Ilifunguka mstari kwa mstari kutoka juu, Athi River kwanza, halafu Kitengela.

Moshi ni uzi mwembamba mweupe. Unaanzia kwenye ploti za Katoo. Unapita juu ya malisho ya akiba, unaelekea Isinya. Kwa Kisemei bado ni safi kabisa, moshi haujafika, na moto wake wa samadi ni mdogo mno kuonekana kutoka juu. Kufika mchana moto umekula akiba yote, umeishiwa, umezimika, na moshi wake umesukumwa na upepo ukaenda kukaa juu ya boma la mtu ambaye hayumo.

Na hata bila picha! Boma la Kisemei liko upande ambao upepo unaenda. Malisho yaliyoungua yako upande ambao upepo unatoka. Ili moto wake ufike kule ungelazimika kukimbia kinyume cha upepo siku nzima. Kila mtu hapa anajua upepo ulikuwa wapi, sote tuliuona moshi ukikimbilia Isinya. Lakini karatasi ina rangi na mviringo mwekundu, kwa hivyo watu wazima wameacha kujua walichojua.

Katoo alichoma majani yake ili wateja waone bikoni. Halafu akashtaki mtu. Wallahi nimeshindwa kula.

Ijumaa, 16 Februari

Nilimwekea Waweru picha mbele yake. Aliitazama muda mrefu. Akaenda akafunga mlango.

"Ayan, wewe watu wenu ni wa Garissa. Haya mambo ya huku ya mashamba, utayaweza?"

"Nimezaliwa hapa Kitengela, nyuma ya duka la Aabo. Wewe umekuja juzi kutoka Thika."

"Sijasema vibaya." Akaanza kupanguza miwani na shati, shati lenyewe lina mafuta. "Ripoti ilishaenda. Tukisema tulikosea, wafadhili watasema na zile zingine zote tulikosea. Mradi utafungwa. Na wewe utakuwa unauza nini, ng'ombe?"

"Kuna mtu amefungwa, bosi."

"Hajafungwa. Ako rumande."

Hapo nikakumbuka watu wanavyosema mjini, kwamba Waweru amewekewa ploti ya kona kwa Katoo. Nikamuuliza. Akaweka miwani machoni, na miwani ilikuwa chafu zaidi kuliko mwanzo. Nilichukua picha yangu nikatoka. Nilitaka kulia lakini kinyaa kilitangulia.

Jumamosi, 17 Februari

Nilimwambia Aabo tukila baasto, tambi za Hooyo. Akasikiliza, akamenya ndizi polepole. "Kisemei ni rafiki yangu. Katoo ni mteja wangu. Mimi ni mgeni kwa wote wawili, hata kama nimekaa hapa tangu hujazaliwa. Moto wa watu usiuingilie."

Niliacha sahani. Sikujua Haibe ni mwoga. Mwanaume anayebishana na wachinjaji mpaka anapasua sauti, leo ananifundisha kunyamaza.

Jumatatu, 19 Februari

Waweru amefuta picha zote za tarehe saba kwenye kompyuta ya ofisi. Anadhani mimi ni mjinga. Ile ya asubuhi niliitoa kwa karatasi kule saiba, iko chini ya godoro langu.

Jumanne, 20 Februari

Joto. Nzi. Katoo alipita na ile kadi yake mdomoni.

Alhamisi, 22 Februari

Asubuhi nikipiga mswaki Aabo akasimama mlangoni na kofia kichwani.

"Hiyo picha iko na rangi?"

"Iko."

"Itoe nakala. Jumatatu nafunga duka, tunaenda Kajiado."

Nikabaki na mswaki mdomoni. Akaniambia jana alienda rumande, peke yake. Kisemei amekonda, amepatwa na kikohozi. Alimpelekea maziwa akakataa, akasema awape wale vijana wa seli yake. Hakuuliza habari ya kesi. Aliuliza kama ng'ombe wanakunywa. "Anaamini ni yeye," Aabo akasema. "Anasema huenda cheche iliruka. Nikamwambia upepo je? Akasema, Haibe, mimi niliona upepo, lakini hiyo kitu iko juu imeona zaidi."

Nilimwomba msamaha Aabo moyoni. Mdomoni sikuweza, mlikuwa na povu.

Jumatatu, 26 Februari

Naandika kwa hasira, mwandiko utanisamehe.

Tulifika korti ya Kajiado mapema, Aabo na suti yake ya Idi, mimi na bahasha kifuani. Nilijipanga maneno njia yote. Nitaomba hakimu ruhusa, nitaeleza asubuhi na mchana, nitaonyesha uzi wa moshi na kidole. Nilikuwa tayari kufutwa kazi. Kusema kweli nilikuwa na hamu ya kufutwa.

Kisemei alitolewa, shuka lake limekunjamana. Kesi ikasomwa. Kabla mtu yeyote hajasema kitu, Katoo akasimama, mkono kifuani. "Mheshimiwa, sisi ni majirani. Kama kamati tumesamehe. Naomba kuondoa mashtaka."

Hakimu akauliza wengine kama wana pingamizi. Nikasimama. Aabo akasimama na mimi. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi niko na picha."

"Wewe ni nani kwenye hii kesi?"

"Ninafanya kazi kwa mradi uliotoa ile picha ya kwanza."

"Kesi imeondolewa, binti. Mshtakiwa ako huru. Unataka nimrudishe ndani ndio uonyeshe picha?"

Watu wakacheka. Nikakaa.

Nje Kisemei alikwenda moja kwa moja kwa Katoo, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru. Mbele ya watu wote! "Mungu akubariki, mtoto wa ndugu yangu. Nimekuunguzia malisho na umenisamehe." Na Katoo, yule mtu, akaipokea shukrani ile, akasema si neno mzee, sisi ni damu moja. Nilitaka kuwafuata pale pale kwenye ngazi za korti, Aabo akanishika mkono.

Nashipae ndiye aliyeniambia mengine, anacheka na kulia pamoja. Katoo alienda kwake wiki iliyopita. Akamwambia kesi inaweza kwisha kama kamati ikipata upande wa bwawa. Ni kile kipande cha shamba lao chenye maji, ambapo ng'ombe wao wote wanakunywa. Kisemei akiwa rumande alikataa. Nashipae akaenda mara ya kwanza kumsihi, mumewe akakataa. Akaenda tena, akapiga magoti sakafuni mbele ya askari, akamwambia ng'ombe bila wewe ni wa nini, mpaka mumewe akaweka kidole kwenye karatasi za kuliachia bwawa. Ijumaa karatasi zikatoka. Tayari bwawa lina bikoni.

"Nimemtoa," akaniambia. "Mimi mwenyewe nimemtoa."

Bahasha ilikuwa bado kifuani kwangu.

Jumanne, 27 Februari

Sijaenda kazini. Nimesema ninaumwa. Si uongo.

Ijumaa, 2 Machi

Nilienda bomani kwa Kisemei wakati najua Nashipae ameenda soko la Isinya. Nilimkuta anafunga mlango wa zizi na kamba. Nikainamisha kichwa, akaweka mkono. Nikampa picha. Nikamweleza yote, ploti, uzi wa moshi, saa.

Alifuata moshi na kidole, polepole, kutoka kwa Katoo mpaka kwake. Akarudia. 

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe, baba. Hukuwa wewe hata siku moja."

Alikaa chini, kwenye mavi makavu ya ng'ombe. Mimi nikaanza kuongea haraka. Tutaenda kwa wakili, Aabo atatoa ushahidi, bwawa litarudi, Katoo ataoza jela. Aliniacha nimalize.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Aabo. Na Waweru."

"Mama Sironka?"

"Bado."

Akanirudishia picha, ameikunja vizuri mara mbili. "Usimwonyeshe."

"Baba, ni haki yenu!"

"Mimi nilikataa kuweka kidole. Yeye ndiye alinilazimisha. Kila siku anaamka akiimba, anajua amenitoa. Ukimwambia aliuza maji ya watoto wake kwa kosa ambalo halikuwako..." Alitazama upande wa mlango, kama vile angetokea. "Ng'ombe nitawapeleka mbali, wataenda tu. Yeye nitampeleka wapi? Nakuomba, binti ya Haibe. Mimi nimekuomba."

Mtu mzima, mwenye umri wa baba yangu, ananiomba nimfichie Katoo. Nilirudi na pikipiki nikilia mpaka sikuona barabara. Nilimtukana Katoo, nikamtukana Waweru, nikaitukana ile mitambo huko juu inayopita kila siku na haishuki hata siku moja kusema kitu.

Jumanne, 6 Machi

Jarida la wafadhili limefika. Picha yetu iko ukurasa wa mbele, na mviringo. Waweru amelipeleka nyumbani kwake akaliweke fremu. Nimeandika barua ya kuacha kazi, mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 12 Machi

Mawingu. Picha ya asubuhi ilikuwa nyeupe yote, hakuna cha kuona.

Nashipae alikuja ofisini na kibuyu cha maziwa. Ameng'ara, amevaa shanga zake za sherehe. Waweru hakuwepo, nashukuru. Akakaa leo, akanimiminia kwenye kikombe changu cha chai, maziwa yale yenye harufu ya moshi kwa sababu kibuyu hufukizwa na kijinga cha mti. Akasema ni ya kunishukuru, kwa vile nilisimama kortini na baba yangu, hata kama haikuhitajika.

"Lakini nataka kukuuliza," akasema. "Ile picha. Sasa kesi imeisha, naweza kuiona? Nataka nione pahali alikosea. Ndio nimwambie asirudie."

Ile ya asubuhi ilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko changu.

"Ilifutwa, mama Sironka."

"Yote?"

"Yote."

"Haki?"

"Haki."

Akashusha pumzi, akatabasamu. "Basi ni vizuri. Hata sikutaka watoto waione." Akakisukuma kikombe karibu yangu. "Kunywa, binti yangu, mbona unayatazama tu?"

Nikanywa yote, akinitazama, na nikamwambia ni matamu.